Nusu Mbili za Okidi ya Mama

Awuor mwanangu,

Umekwenda kusukwa nywele kwa Mama Beti, na najua utakaa huko mpaka jua lishuke, kwa maana kila mwanamke wa mtaa huu atataka kukuaga kwa maneno yake. Nyumba imetulia. Ouma, mdogo wako, amelala kwenye kochi, miguu yake imepita ukingo. Sijui amerefuka lini. Upepo wa ziwa unaingia dirishani, unainua pazia, unaliacha, unaliinua tena. Habari za kuchemsha maji na kufunga chandarua sitaziandika. Unazijua, na zile usizozijua utafundishwa na watu wa Mbita huko uendako.

Ninachotaka kuandika ni habari ya siku ile niliyokuwa nachagua mchele. Uliketi karibu nami ukaniambia, "Mama, si kwamba wamenipangia Mbita. Niliomba mwenyewe." Nikaendelea kuchagua mchele. Siku mbili zilizofuata hukupata kwangu neno zaidi ya kwamba chakula kiko tayari, na nadhani uliniona nimekasirika. Hasira ingekuwa afadhali. Moyoni nilikuwa nasema: huyu si mtoto wangu. Mtoto wangu ni yule aliyepelekwa kulala kwa jirani akalia hadi akarudishwa mgongoni mwa baba yake. Huyu anayeomba kwenda kufundisha ng'ambo ya ziwa, nani amemleta humu ndani?

Nilipojisikia nikisema hivyo nikaogopa. Swali kama hilo niliwahi kumuuliza mtu mwingine, mbele ya watu, na likanitenga na dada yangu miaka mingi. Sehemu ya mambo hayo uliyaona kwa macho ya mtoto. Mengine hatukukuambia. Acha nikusimulie yote kabla hujaondoka.

Dani yako, mama yangu mzazi, aliachwa mjane mapema, akatulea mimi na anti yako Risper katika nyumba ya manispaa hapa hapa Kaloleni, safu ya pili kutoka hii yetu. Alikuwa akifua nguo kwa familia ya Kihindi kule Milimani. Familia ile ilipofunga mizigo kuhama Kisumu, wafanyakazi wengine walipewa viti na magodoro. Mama alirudi na chungu kichwani, na ndani yake mmea usio na sura. Ulikuwa na vishina vifupi vinene, vimesimama kama vidole, kila kimoja na jani moja gumu juu yake. Haukuwa na udongo. Ulikaa juu ya vipande vya makaa na magome, mizizi yake myeupe ikining'inia nje. Majirani walicheka. Mama akasema yule mama wa Kihindi amemwambia ni okidi, na kwamba inataka mtu anayeweza kungoja.

Aliutundika chini ya paa nyuma ya jikoni, mahali ambapo mvuke wa sufuria ulifika. Aliunywesha maji aliyooshea mchele. Vile vishina aliviita vidole, na sisi tukaviita hivyo. Tuliishi na mmea ule muda mrefu hata tukausahau, kama mtu anavyosahau ukuta. Halafu asubuhi moja alitugusa miguu, mimi na Risper, tuliokuwa tukilala kitanda kimoja, akatunong'oneza tutoke polepole.

Ukungu wa ziwa ulikuwa haujaondoka bado. Ua lilikuwa limefunguka, pana kama kiganja, zambarau ile ya joho la askofu, na petali yake ya chini imejikunja, koo lake njano. Na harufu, mwanangu. Harufu ile huja asubuhi tu. Jua likipanda inaondoka, na ukiitafuta mchana huipati. Tulisimama pale na nguo za kulalia, miguu kwenye umande, tukivuta pumzi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani. Mpaka leo, nikiwa kati ya usingizi na kuamka, harufu ile hunijia, na kwa muda mfupi nasahau kwamba mimi nami ni mama wa watu.

Mama alifariki mwaka aliozaliwa Ouma. Risper ndiye aliyekuwa ameushika mkono wake alipokata roho. Mimi nilikuwa nimekuja nyumbani kupika, nikarudi kwake jioni, nikakuta wanawake wameshakaa chini wakilia. Liweke hilo moyoni unaposoma mengine. Tulimzika kwa baba yetu, Asembo, nami nikiwa mzito, na haukupita muda nikajifungua. Manispaa ikataka nyumba yake. Mimi nilikuwa kitandani na mtoto asiyetaka kunyonya, kwa hiyo Risper alitoka Luanda Kotieno, alikoolewa na Odongo aliyekuwa na duka la nyavu na kamba, akaja kufungasha vyombo vya Mama peke yake.

Alipomaliza alipita kwangu. Aliniletea blanketi la Mama, sufuria zake, na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini kwa msumari, ndani yake nusu ya okidi. Alieleza kwamba alipitisha kisu motoni, akakata mmea katikati, nusu yangu na nusu yake. Nikamwambia auweke nje. Sikuutazama. Nalitaja jambo hilo kwa sababu baadaye nilisema mengi sana juu ya mkebe ule, kama mtu aliyeukagua, na ukweli ni kwamba siku ile sikuutazama hata mara moja.

Nusu yangu ilikaa miaka bila ua. Ilitoa vidole vipya, vikanenepa, vikazeeka. Sikuwahi kumlilia Mama vizuri. Mtoto alikuwa mchanga, baba yako alikuwa kwenye kazi za zamu bandarini, nami nilikuwa nimeanza kuuza miche kando ya barabara pale Mamboleo. Basi nikawa namlilia kwa kungoja. Kila asubuhi niliinama kwenye mkebe kutazama kama kitumba kimejitokeza.

Ukoo ulipokubaliana kujengea kaburi kwa simenti na kufanya maombi ya ukumbusho, mwezi ule ule kitumba kikatoka. Nikajiambia Mama amesikia. Pale Mamboleo niliwaambia wateja na wasio wateja kwamba ninapeleka ua la mama yangu kaburini kwake. Wiki ya maombi likafunguka.

Halikuwa zambarau. Lilikuwa jeupe lisilokamilika, kama maziwa yaliyotiwa maji, na kwenye petali za pembeni palikuwa na michirizi ya zambarau, kama mtu aliyefuta brashi yake hapo akaenda zake. Harufu nayo ilikuwa nyembamba, ya ndimu kidogo. Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikalitazama. Wewe ulikuja ukasimama nyuma yangu, mtoto wa miaka tisa au kumi, ukasema ni zuri kuliko lile la zamani. Nikakutuma ukaoshe vyombo.

Kule Asembo, Risper aliwasili na beseni kichwani, na ndani ya beseni okidi yake, maua yote zambarau. Tukaweka mimea yetu sambamba juu ya simenti mpya. Shangazi yetu mmoja mzee aliinama, akatazama huku, akatazama kule, akasema hili la Risper ndilo la marehemu, na akauliza mimi nimelitoa wapi langu. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa nimengoja miaka.

"Ulibaki na la Mama," nilimwambia Risper. "Mimi ulinikatia la nani?"

Watu walikuwa wamesimama na vitabu vya nyimbo mikononi. Risper alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Ni lile lile, Dorina. Nilikata kwa mkono wangu."

"Basi ni macho yangu yanayodanganya."

Mchungaji akaanzisha wimbo ili kutufunika, na watu wakaimba kwa nguvu kuliko kawaida. Sikungoja chakula. Niliuchukua mkebe wangu, nikamfunga Ouma mgongoni, nikakushika mkono tukaondoka. Ulilia njia nzima kwa sababu ulikuwa umeanza kucheza na watoto wa Risper. Ulidhani nimekukasirikia.

Baba yako aliposikia alisema, "Ni ua tu, Dorina." Nikageukia ukutani. Sasa najua halikuwa ua tu, na najua pia kwamba halikuwa ua kabisa. Risper alikuwa ameupata mkono wa Mama, mimi nikapata chumba kilichojaa wanawake wanaolia. Nilitaka kitu kimoja cha Mama ambacho mimi nami nimekipata kizima. Ua lilipotoka jingine, ilikuwa rahisi kuamini nimeibiwa kuliko kuamini kwamba hakuna aliyeniibia chochote na bado sina.

Risper hakugombana. Alituma samaki. Mama Apiyo, yule mchuuzi aliyekuwa akinunua pwani ya Luanda Kotieno na kuja kuwauzia watu wa milimani pale Mamboleo, alinifikia na kifurushi cha obambla, wale samaki waliopasuliwa na kuanikwa, akasema wametoka kwa dada yangu. Nikamwambia arudishe, sisi tumeshakula. Akaja tena, nikamjibu vile vile. Mwishowe akawa anapita upande wa pili wa barabara, na nikajua Risper amechoka.

Halafu Odongo akaugua, akafa. Nilikwenda kumzika. Kwetu sisi, dada akifiwa na mume unaingia ndani, unalala naye sakafuni, unamshikia chai mpaka ainywe. Mimi nilikaa nje kwenye viti vya nyuma, pamoja na wageni wa mbali, mkoba mapajani. Nilimwona akitolewa ndani na wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mama yetu. Kabla jua halijashuka nilisema gari litaniacha, nikaondoka. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha usiku. Maneno ya kaburini yalitoka kwa hasira. Kiti kile nilikichagua.

Okidi yangu sikuitupa. Sijui kwa nini. Niliihamishia nyuma, karibu na tangi la maji, nikawa naimwagia maji bila kuitazama usoni, na yenyewe ikastawi. Kila mwaka ilitoa maua yale ya maziwa na michirizi. Tulikaa hivyo, mimi nayo, kama watu wawili waliopanga nyumba moja.

Mwaka magugu maji yalipoanza kufunika ziwa, asubuhi moja nilitoka kuteka maji, nikasimama na ndoo mkononi. Ile harufu ilikuwepo. Nilidhani naota nikiwa wima. Nilikuwa na umri wa Mama wakati ule alipotugusa miguu, na kwa kweli niligeuka kuangalia kama yuko nyuma yangu. Nikaifuata harufu bila viatu mpaka kwenye tangi.

Katika mkebe ule mmoja palikuwa na maua ya aina mbili. Mbele, kwenye kidole kichanga, lile jeupe la michirizi. Nyuma, kutoka kidole kikongwe kisicho na jani, nilichodhani kimekufa zamani, kilikuwa kimechomoza kidole kidogo, na juu yake ua moja la zambarau. Joho la askofu. Koo la njano.

Nilimwaga makaa chini. Niliosha mizizi kwa maji yote niliyoteka. Kisha nikaweka kidole changu kwenye shina la ua la zambarau, nikalifuata linavyolala kama kipande cha tangawizi, pingili baada ya pingili, bila kukatika popote, mpaka nikafika kwenye ua jeupe. Ulikuwa mmea mmoja. Ulikuwa mmoja siku zote. Wewe ulinikuta pale chini, mikono myeusi kwa makaa, ukauliza nimeumwa na nini.

Na hapa ujue jinsi mtu anavyoweza kujifumba macho. Pale Mamboleo, kando ya meza yangu ya miche, palikuwa na bogainvilia nyekundu ambayo tawi lake moja lilitoa maua meupe. Wateja waliniuliza, nami nikawajibu kwa kujiamini kwamba mimea hufanya hivyo: jicho moja, pale tawi linapochipukia, likikosea njia wakati linaumbwa, tawi lote linalotoka hapo linalifuata. Nililikata tawi lile, nikalipanda, nikauza miche yake kama aina nyingine, na kila mche ulitoa maua meupe. Niliyajua hayo yote juu ya bogainvilia. Kwa okidi ya Mama sikutaka kuyajua.

Tangu wakati huo nimetazama sana. Okidi ukizigawa na kuzigawa tena, siku moja, bila kukuomba ruhusa, kidole kimoja huamua rangi yake. Wengine wanasema ni kisu kinachoutikisa mmea, wengine joto, wengine uzee. Mimi sijui. Ukikitenga kidole kile kikakua peke yake, kitaendelea na sura yake mpya, na kizazi kitakachokuja baadaye kitasema hii ni aina yake na kuipa jina. Mara chache huirudia rangi ya zamani, kama yangu ilivyofanya, na hakuna anayeweza kuilazimisha.

Jumamosi iliyofuata nilikuchukua tukaenda Luanda Kotieno. Utakumbuka ziwa siku ile. Hapakuwa na maji. Magugu yalikuwa yamelifunika mpaka macho yanapoishia, yote yamechanua, maua mepesi ya urujuani juu ya majani, na watu walikuwa wakisukuma mashua kama wanaopita shambani. Huwezi kujua nchi kavu imeishia wapi. Nilitembea na mkebe kifuani, nikihisi kwamba nikikanyaga vibaya nitaendelea kushuka polepole, bila kelele, na hakuna atakayeona.

Risper alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi upande mmoja. Hakusimama. Nilipiga magoti nikauweka mkebe chini mbele yake, nikamwonyesha ua hili na ua lile, nikamwonyesha shina linavyokwenda. Alitazama muda mrefu. Upepo ulikuwa ukichukua makapi ya mtama na kuyaweka juu ya petali.

"Mimi niliongea, hukuniamini," alisema. "Ua halijaongea, umeliamini."

Nilianza kuokota makapi yale juu ya petali, moja moja.

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, bila kunitazama, "Siku ya Odongo ulikaa nyuma."

"Nilikaa nyuma."

"Nilikuona. Nilikuwa nakungoja uje mbele."

Ndipo nilipolia, Awuor, kilio cha Mama na cha Odongo na cha wale samaki. Wewe ulishikwa mkono na binti yake mkubwa mkaenda nyuma ya nyumba. Risper hakunikumbatia. Aliinuka, akaweka chai motoni, akaniletea kikombe, akakaa karibu nami kwenye kizingiti kile kile, bega kwa bega, kwa sababu kizingiti kilikuwa chembamba.

Nusu yake sasa ilikuwa imefungwa kwenye mti uani, mizizi imeng'ang'ania gome. Aliniambia haijatoa ua tangu mume wake aanze kuugua. Alikuwa amesahau kuinywesha, kisha akasahau kwamba amesahau. Basi zambarau ya Mama ilikuwa imebaki kwenye mkebe wangu peke yake. Nikaomba kisu. Nilitaka kumkatia sehemu ile, nibaki na nyeupe yangu. Akanishika mkono.

"Usikate tena," alisema.

Nikamwachia mkebe wote, na maua yote mawili. Alinieleza siku ile, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba wakati anagawa alinipa upande uliokuwa na macho mengi mapya, kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga na alitaka nipate ua mapema. Yeye alibaki na vidole vizee.

Usifikiri tulirudi kuwa kama zamani. Zamani tulikuwa wasichana wawili wa kitanda kimoja. Sasa tulikuwa wanawake wawili tunaoulizana majina ya watoto wetu. Sikujua kwamba amejifunza kushona. Hakujua kwamba nina presha. Alikuwa na mzaha mpya, mkavu, ambao uliniumiza kabla sijagundua kwamba ni mzaha, na ananiambia mimi nami nimekuwa mtu wa kukatiza watu maneno. Mwanzoni nilikuwa namtafuta ndani yake yule Risper wangu, na kila nilipomkosa nilihuzunika. Ilinichukua muda kuona kwamba mwanamke huyu niliyeketi naye, ambaye simjui vizuri, ananipenda, na kwamba ningeweza kumpenda yeye badala ya kumdai yule. Nadhani wakati mwingine naye ananitazama hivyo hivyo.

Sasa nirudi kwako. Uliponiambia umeomba mwenyewe, sikukuuliza kwa nini. Hilo lilikuwa swali la pekee lililostahili kuulizwa, nami nikachagua mchele. Labda unataka kuona ziwa kutoka upande wa pili. Labda kuna mtu. Labda nyumba hii imekubana nawe ni mpole mno kusema. Nimejaribu kukisia hapa mezani, na kila ninachokisia ni habari zangu, si zako.

Nimemwambia baba yako kwamba kesho sitabaki nyumbani. Nitakusindikiza mimi mpaka Luanda Kotieno, tulale kwa Risper, na asubuhi nikuone ukipanda feri. Njia ni ndefu. Nitakuuliza, na ukitaka utaniambia, na nitajaribu kutokukatiza.

Kule utabadilika. Sisemi kwa kukuonya. Nasema tu kwamba nimeona. Hutabadilika kwa sababu tulikulea vibaya wala kwa sababu watu wa kule ni wabaya. Itatokea asubuhi moja ukiwa unafanya kazi zako, na wewe mwenyewe utakuwa wa mwisho kujua. Utarudi hapa likizo na kicheko nisichokijua. Utakataa chakula ulichokuwa ukikililia. Utasema jambo mezani, mimi na baba yako tutatazamana. Na sisi pia usitudhanie tumekaa tulivyokuwa. Ouma ataanza kunyoa ndevu, baba yako atastaafu na kuwa mtu wa kukaa nyumbani, jambo ambalo sijui tutalivumilia vipi.

Siku hiyo nikikutazama kama mgeni, usininyamazie. Risper alininyamazia kwa heshima, na heshima yake ilitugharimu miaka ambayo hakuna mtu wa kuturudishia. Wewe nisumbue. Niambie, "Ni mimi, Mama," hata kama sura yangu inasema sikubali. Sitakungoja uchanue ndipo niamini. Neno lako litanitosha.

Mama yako,
Dorina